Toleo Lisilotajwa

Katika nchi yetu hakuna mwananchi aliyewahi kuiuliza serikali swali akarudi nyumbani bila jibu. Mara nyingine jibu hufika kabla ya swali, na mara nyingine hufika jibu la swali la jirani, lakini mikono mitupu harudi mtu. Na katika nchi hiyo, mimi mnayeniona hapa ndiye mtumishi pekee wa umma aliyesimama ana kwa ana na Kiongozi Mkuu, akamtajia kitu ambacho mawaziri wake wanaogopa hata kukiota. Sitetemeki mimi. Huo mshipa sikuzaliwa nao.

Kwa hiyo nyie mliobanana kwenye benchi hili la zahanati, mnaosubiri wake zenu na dada zenu wajifungue, sogeeni. Dada yangu Mwanahawa yuko mle ndani, nyuma ya lile pazia la kijani. Mnamsikia mkunga anavyomgombeza? "Usinipigie kelele mimi, sukuma!" Basi. Yeye asukume, mimi nisimulie.

"Huyo wa dada yako ni mtoto wa ngapi?" aliniuliza mzee mmoja mwenye chupa ya chai.

"Wa baraka, mzee wangu. Usinitoe kwenye hadithi."

*

Mnajua wote kwamba Kiongozi Mkuu wetu yuko awamu ya saba. Tulimchagua kwa mapenzi makubwa, wengine tukiwa bado tumelala. Na mnaijua Adabu ya Saba, maana mnaishi humo, lakini nitaieleza kwa ajili ya yule kaka pale pembeni anayejifanya mgeni.

Hakuna aliyeitunga kama sheria. Ilianza na mbunge mmoja aliyesimama bungeni akilia machozi. "Mheshimiwa Spika," akasema, "Kiongozi Mkuu yuko saba. Halafu basi la kwenda sokoni, basi tu, bovu, lenye kuku ndani, limeandikwa kumi na nne! Ni heshima gani hii?" Bunge likapiga makofi hadi dari likapukutika. Kesho yake basi likabaki na rangi yake tu.

Tangu hapo hakuna kitu chenye namba inayompita Mkuu. Lifti zinaishia ghorofa ya saba. Anayekaa juu yake anapanda ngazi na anaitwa wa paani. Timu ya taifa inaingia uwanjani na wachezaji saba wenye namba, na wanne ambao mtangazaji huwaita kwa majina ya mama zao. Mtu akipiga picha anakunja vidole vitatu, visije vikahesabiwa. Shule za msingi tu ndizo hazikusumbuliwa. Zenyewe zilikuwa na adabu tangu zamani, ziliishia darasa la saba bila kuambiwa na mtu.

Saa ndiyo ilileta kazi. Baada ya saa saba mchana, mnajua, zamani kulikuwa na ile nyingine. Ikafutwa. Saa za serikali zikifika saba zinasimama, zinapumzika, halafu zinaanza upya saa moja jioni. Ndiyo maana ofisi zikifunga saa saba kwa chakula hazifunguliwi tena mchana huo. Si uvivu jamani. Saa ya kufungua haipo.

Na ile namba inayofuata saba, je? Hapo ndipo penye utamu. Ukisema ipo, umeanza kampeni ya awamu nyingine kabla ya kipenga. Ukisema haipo, unamaanisha Mkuu hataendelea, na huo ni uhaini. Kwa hiyo mtu mwenye akili timamu hasemi kwamba ipo, wala hasemi kwamba haipo. Anasema, "Chai imepoa," anaondoka.

*

Sasa serikali ikanunua Wingu.

Wingu la Taifa ni mitambo iliyofungwa kwenye jumba moja la baridi sana, na tovuti zote za nchi zinakaa humo. Kila tovuti inaendeshwa na injini yake, na kila injini ina toleo, kama simu zenu zilivyo na matoleo. Wingu linakubali matoleo fulani, mengine linayakataa kwa sababu yamezeeka. Mwenye tovuti anachotakiwa kujua ni kitu kimoja tu: Wingu linakubali toleo la ngapi? Nchi nyingine jambo hili wanaliandika kwenye ukurasa mmoja, mtu anasoma huku anakunywa maji. Sisi tuna idara nzima, Idara ya Matoleo, na mimi nilikuwa Afisa Majibu Msaidizi, Dirisha la Maulizo. Kazi yangu ilikuwa kupokea maswali na kuyashukuru.

Siku hiyo akaja mama mmoja, mpana wa mabega, kanga kiunoni, simu mkononi. Akaegemea dirisha langu mpaka mbao zikalia.

"Karibu, mama," nikamwambia. "Swali lako limepokelewa."

"Sijauliza bado."

"Tunapokea mapema, tuwahi kulishughulikia."

Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu mwenye homa. "Mwanangu, mimi naitwa Kidawa. Ni mkunga. Tuna tovuti yetu inaitwa Mkunga Zamu. Mwanamke akishikwa na uchungu, watu wake wanaangalia kwenye simu ni zahanati gani leo ina mkunga, wanampeleka hapohapo. Zamani walikuwa wanazunguka na mgonjwa, kila wakifika wanakuta kufuli. Mmoja alijifungulia kwenye ngazi za soko, mvua inanyesha, mimi nimefika nimechelewa. Sitaki kuyaona tena hayo."

"Pole sana, mama. Serikali inalaani mvua."

"Sikiliza. Wingu lenu limeniletea ujumbe." Akanionyesha simu. Nikasoma kwa jicho moja, kwa usalama. Ujumbe ulisema tovuti yake inaendeshwa na toleo lililozeeka, ahamie kwenye toleo linalokubalika, la sivyo itazimwa Ijumaa, saa nane mchana.

Jamani, nilitaka kupiga yowe. Saa nane! Imeandikwa waziwazi! Lakini mitambo ile ilitoka ng'ambo, na hakuna aliyeketi nayo kuifunza adabu.

"Hii tovuti alinitengenezea mdogo wangu Haji," Bi Kidawa akaendelea. "Yuko ughaibuni, lakini yuko hapa kwenye simu, anatusikia. Anasema nimtajie toleo tu, ataihamisha palepale. Haji, si ndiyo?"

"Ndiyo, dada," simu ikajibu. "Wingu lenu linaruhusu kuhama mara moja tu. Nikibahatisha nikakosea, tovuti haiwaki tena mpaka kibali. Mwulize linakubali toleo la ngapi."

"Umesikia? Namba moja tu, mwanangu, niende zangu kazini."

Nikakohoa kikazi. "Mama, Wingu la Taifa linakubali matoleo yote yanayokubalika."

"Yapi?"

"Yale ambayo hayajakataliwa."

"Na yaliyokataliwa ni yapi?"

"Ni yale yasiyokubalika."

Simu ikauliza, "Dada, hiyo ni mashine au mtu?"

"Ni mtu," akasema Bi Kidawa. "Nilidhani."

*

Nikampeleka kwa Mkurugenzi wa Matoleo, Bwana Lugendo. Mkurugenzi Lugendo alikuwa na tumbo la heshima na sauti ya mtu anayezindua kisima. Ukutani kwake kulikuwa na ubao mkubwa wenye matoleo yote ya dunia, na kuanzia baada ya saba ubao ulifunikwa kwa pazia la maua.

"Bi Mkubwa," alisema, akasimama ingawa tulikuwa watatu tu chumbani, "serikali yako sikivu imelisikia swali lako. Ni swali zuri. Ni swali pana. Ni swali la kizazi hiki na vizazi vijavyo. Na kwa kuwa limekuja kwa wakati mwafaka, ni lazima nalo tulipe wakati."

"Si ulifunue hilo pazia, baba? Nisome niende."

Mkurugenzi akashika kifua. "Pazia lile lilizinduliwa! Lilikatiwa utepe! Kwaya iliimba!"

"Nimesikia. Sasa linakubali la ngapi?"

"Linakubali vizuri sana."

"Saba linakubali?"

Mkurugenzi akageukia picha ya Mkuu, akainamisha kichwa. "Saba ni tukufu."

"Sijauliza utukufu. Tovuti yangu iko hiyo saba, na Wingu linasema limezeeka."

Hapo Mkurugenzi alifunga dirisha, akafunga mlango, akaizima hata feni isije ikapeperusha maneno. "Bi Mkubwa," akanong'ona, "ndani ya ofisi hii usirudie kwamba saba imezeeka. Saba imekomaa." Akafungua mlango tena, sauti ikarudi kisimani. "Naunda Kamati!"

Tulipotoka, Bi Kidawa akanishika mkono. "Hivi hiyo mitambo haina fundi? Nipeleke kwa anayeigusa."

Mimi na moyo wangu wa huruma nikampeleka kwa fundi Chande, mlangoni mwa jumba la baridi. Fundi Chande alikuwa amevaa koti zito na mikono yake yote miwili ilikuwa mifukoni. Ni agizo: mafundi wa Wingu hawaruhusiwi kutoa mikono mbele ya raia, maana mtu mwenye vidole kumi ni hatari.

"Kaka," Bi Kidawa alimwambia, "wewe unajua."

"Najua, dada," akasema Chande, karibu alie. "Lakini nimekula kiapo sitaitamka, sitaiandika wala sitaionyesha."

"Kukohoa uliapa?"

Chande akafikiri. Uso ukamchanua kama mtu aliyekumbuka alipoweka funguo. Akaanza. Akakohoa mara moja. Ya pili. Ya tatu. Bi Kidawa anahesabu kwa vidole, mimi nimeziba masikio kikazi. Tano. Sita. Saba. Akavuta pumzi ya kikohozi kingine, na papo hapo Mkurugenzi Lugendo akatokea kwenye kona. Sijui nani alimwita.

Kile kikohozi Chande alikimeza. Nimeona watu wakimeza vidonge, wakimeza hasira, lakini mtu kumeza kikohozi kizima mbele ya mkubwa wake sijapata kuona. Mishipa ya shingo ilisimama, macho yakatoka, machozi yakatiririka, masikio yakawa kama nyanya zilizoiva. Akamuaga Bi Kidawa kwa kope, akageuka, akaingia kwenye baridi.

"Kwa hiyo ameishia saba?" simu ikauliza.

"Si saba," Bi Kidawa akajibu. "Alikuwa bado ana vingine. Ila sijui vilikuwa vingapi."

*

Kamati ikakaa. Sitawachosha. Ilikaa kwenye hoteli yenye bwawa, ikala sambusa, ikaahirisha, ikala tena. Mjumbe mmoja alipendekeza matoleo yenyewe yaitwe yajieleze. Mwingine akataka Wingu lihamishiwe mkoa ambao watu hawaulizi sana. Mwishoni Mkurugenzi Lugendo alisoma azimio mbele ya waandishi wa habari, na Bi Kidawa alikuwa amesimama nyuma kabisa, simu sikioni.

"Kwa kuwa," alisema Mkurugenzi, "tovuti zinatishiwa kuzimwa Ijumaa, saa fulani, na kwa kuwa saa hiyo fulani ilifutwa na Bunge, na kwa kuwa hakuna jambo linaloweza kutokea katika saa isiyokuwepo, Kamati inawatoa wananchi hofu. Hakuna kitakachozimwa."

Makofi! Watu walikumbatiana. Kweli tuna wasomi nchi hii.

"Baba," Bi Kidawa akapaza sauti, "na mashine inajua kwamba saa hiyo ilifutwa?"

"Imeandikiwa barua, Bi Mkubwa."

*

Ijumaa hiyohiyo, kwa bahati iliyopangwa vizuri, ilikuwa Sherehe ya Wingu, ukumbi mkubwa, na Kiongozi Mkuu mwenyewe mgeni rasmi. Ukutani palining'inizwa skrini kubwa kama nyumba. Ndani yake ilionekana tovuti ya Uso wa Taifa, ambayo kazi yake ni moja: kuonyesha uso wa Mkuu ukitabasamu. Kila ukitazama tena, tabasamu limeongezeka kidogo.

Bi Kidawa alikuja na sare yake ya kazini. Mimi niliketishwa kando yake kwa kazi maalumu ya kumpa soda kila anapofungua mdomo. Simu yake ilikuwa kwenye mapaja, na ndani ya simu Haji alikuwa macho, anasubiri.

"Mwanangu," aliniambia, "tangu asubuhi nimepigiwa na watu wa mitaa mitatu. Wana wake zao wajawazito, wanataka kujua jioni waende wapi hiyo tovuti ikizimwa. Niwajibu nini?"

"Wape azimio, mama. Unataka soda?"

Saa ya ukumbini ikafika saba, ikasimama, ikapumzika. Tukala. Tukashiba. Mkuu akapanda jukwaani.

"Nchi nyingine," akasema, "zina jua. Sisi tuna Wingu!"

Makofi.

"Jua linachoma! Wingu halijawahi kumchoma mtu!"

Makofi, vigelegele, mama mmoja akazimia kwa mapenzi. Mkuu akainua mkono, vidole vitatu vimekunjwa, akafungua mdomo aseme la tatu. Na wakati huo, ndani ya ile saa isiyokuwepo, Uso wa Taifa ukazimika.

Skrini ikawa nyeusi. Halafu yakaandikwa maneno meupe, kila herufi urefu wa mtoto wa shule: TOVUTI HII IMEZIMWA. INATUMIA TOLEO LA 7 LILILOZEEKA. WINGU HILI LINAKUBALI TOLEO LA 8 NA LA 9.

Lile jibu, jamani. Lililotafutwa na idara nzima. Lilikuwa pale, ukutani, linawaka.

Ukumbi mzima ukafumba macho.

Siwaambii uongo. Mawaziri, majaji, wapiga ngoma, wapishi waliokuwa mlangoni na masinia, watu wote wakafumba kwa mkupuo mmoja, maana asiyeona hawezi kuulizwa aliona nini. Ungesikia sambusa ikipoa. Mkurugenzi Lugendo, shujaa wetu, alivua koti lake akakimbia kuifunika skrini, lakini alikimbia amefumba macho kama inavyotakiwa. Alijikwaa kwenye jukwaa, akaparamia, akapapasa kitu kirefu, akakifunika barabara. Alikuwa Kiongozi Mkuu.

"Nani amezima taa?" Mkuu akauliza kutoka ndani ya koti.

Hakuna aliyethubutu kumjibu. Na katika kimya hicho, sauti moja tu ikasikika, tulivu, kama ya mtu anayeagiza vitunguu:

"Haji. Ni la nane au la tisa. Yote mawili yanakubalika."

"Nimekupata, dada," simu ikajibu. "Naihamisha sasa hivi."

"Nani amesema?" Mkuu akanguruma ndani ya koti. "Nani ametamka hivyo?"

Sasa, ndugu zangu wa benchi, hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha. Ukumbi umefumba macho. Bi Kidawa, mama wa watu, ana zamu jioni. Nani atamtetea? Mimi niliinuka. Nikafumbua macho, nikamvua Mkuu koti kichwani kwa mikono yangu hii, nikamwangalia usoni, nikasema, "Mheshimiwa, aliyetamka ni mimi. Ni nane. Na ukitaka, ni tisa."

"Wewe?" akasema mzee wa chupa ya chai.

"Mimi, mzee wangu. Na walikuwa wamefumba macho wote, kwa hiyo asije mtu hapa akasema hakuniona."

*

Nikakamatwa. Nikapelekwa mahakamani nikitabasamu, nikiwapungia watoto. Ile kesi ilikuwa tamu. Mwendesha mashtaka alisimama na joho lake akasoma: "Mshtakiwa anashtakiwa kwamba, siku ya sherehe, mbele ya hadhara, alitamka namba... namba..."

"Namba gani?" akauliza hakimu.

"Namba hiyo, Mheshimiwa."

"Ipi?"

"Hiyo iliyotamkwa."

Hakimu akavua miwani. "Siwezi kumfunga mtu kwa kitu nisichokijua. Una shahidi?"

Shahidi alikuwepo. Kijana mmoja mtanashati hivi, shati limepigwa pasi. Sikumbuki jina lake. Akaapa, akasema alisikia kila kitu kwa masikio yake mawili.

"Ulisikia nini?"

"Nilisikia ikitamkwa, Mheshimiwa."

"Itamke basi."

Kijana akaomba maji. Akaletewa. Akaomba mengine. Akauliza kama anaweza kwenda nje kidogo, akaambiwa hawezi.

"Mheshimiwa," hatimaye akasema, "ilikuwa namba kubwa kiasi."

"Kubwa kuliko ngapi?"

Kijana akatazama dari, akatazama picha ya Mkuu iliyo juu ya hakimu, jasho likamlowesha pasi yote. "Kubwa kuliko... sita."

"Inayozidi sita ni saba," hakimu akasema, na mnajua hakimu ni mtu wa elimu. "Na saba si halali tu, saba ni tukufu. Mahakama inampongeza mshtakiwa kwa uzalendo. Mwacheni aende."

Basi nikaenda, nimebebwa juu juu. Mkurugenzi Lugendo alipandishwa cheo kwa kumkinga Kiongozi Mkuu dhidi ya habari kwa koti lake mwenyewe. Serikali ikatoa tamko kwamba Wingu la Taifa linakubali matoleo yote ambayo wananchi tayari wanayafahamu, na wasioyafahamu waulize. Na ile tovuti ya wakunga, Haji aliiwasha tena kabla masinia ya sherehe hayajaoshwa, haijazima tangu siku hiyo. Leo dada yangu aliposhikwa na uchungu, nikaangalia kwenye simu, ikaniambia zahanati hii ina mkunga. Nikamleta. Mnaona? Ushujaa wangu umerudi kunisaidia mwenyewe.

"Duh," akasema yule kaka aliyejifanya mgeni.

Mzee akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Nilikuwa nimekishika tu, sijanywa, pazia la kijani likavutwa.

*

Alikuwa mpana wa mabega, kanga kiunoni, na mikononi kabeba kichanga ndani ya doti mpya.

"Nimekusikiliza tangu mwanzo," akasema Bi Kidawa. "Lile pazia ni kitambaa, si ukuta."

Chai ilinimwagikia gotini. Ilikuwa ya moto, lakini niliona si wakati wa kusema.

"Kwanza, dada yako mzima. Mtoto wa kike, mzima. Alhamdulillahi." Benchi likashangilia, akangoja wamalize. "La pili. Mle ukumbini walifumba macho wote, ni kweli. Mimi sikufumba. Ningeisomaje ile skrini nimefumba?"

"Mama..." nikasema.

"Mkuu alipouliza nani amesema, huyu kijana wenu aliinuka, kweli. Macho kayafumba hivi, kidole kakinyoosha kwangu: 'Ni huyu hapa, Mheshimiwa! Ni huyu, nimeketi naye!'"

"Nilikuwa nakutambulisha, mama."

"Na kizimbani nilisimama mimi. Yule shahidi mwenye shati la pasi ndiye huyu."

"Lakini nilikuokoa!" nikasema. "Nilisema sita! Ningesema ile nyingine ungefungwa!"

"Ulisema sita kwa sababu koo lilikukauka. Na fundi Chande pale na kikohozi chake, aliyekimbia kumwita Lugendo ni nani? Mimi si nilikuona ukitambaa ukutani?"

Benchi lote liligeuka kunitazama. Yule kaka mgeni alicheka mpaka akajishika mbavu. Mzee akanyoosha mkono, akachukua kifuniko cha chupa yake, akakifuta, akakifunga.

Nilijua wataniuliza. Nilikuwa tayari na maneno, maana mimi maneno hayajawahi kuniishia. Lakini Bi Kidawa hakunigombeza tena. Alikaa kando yangu, akanipakatisha mpwa wangu, akatoa kalamu kwenye nywele na kadi ya kliniki mfukoni.

"Yameisha hayo," akasema. "Nijazie kadi tu. Dada yako kachoka, kalala, na hii inatakiwa iende wilayani sasa hivi, la sivyo mtoto hapati chanjo zake. Jina la mama ninalo. Kijiji ninacho. Bado hapa: huyu ni mtoto wa ngapi?"

Hata wajawazito kule ndani walinyamaza. Nyumbani kwa dada yangu tayari kuna watoto saba, kila mmoja na namba yake.

"Sema, shujaa," mzee akanihimiza. "Si Mkuu ulimwambia ana kwa ana?"

Nikatazama ukutani. Picha ilikuwepo, ikitabasamu. Nikamtazama Bi Kidawa, kalamu iko juu ya kadi, inangoja. Nikamtazama mtoto. Alikuwa na dakika chache tu duniani, hajui awamu wala adabu, na macho yake yalikuwa wazi kabisa, yananitazama.

Mimi nikafumba yangu.